Karanga za Kongwa na Dakika Tano za Jukwaani

Juma la ubunifu linalodhaminiwa na kampuni lina mpangilio ambao vijana wa Dodoma sasa wanaujua vizuri. Jumatatu washiriki hujiandikisha, hupewa fulana yenye nembo ya mdhamini, kalamu na daftari, kisha hugawanywa katika vikundi vya watu wanne au watano ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Jumanne kuta za ukumbi hujaa vikaratasi vya rangi vilivyoandikwa matatizo ya jamii: maji, mbegu, usafiri, mikopo, taka. Jumatano na Alhamisi ni siku za kutengeneza sampuli kifani. Huenda ikawa programu ya simu yenye vitufe vinavyobonyezwa bila kitu chochote kufanyika nyuma yake, au kifaa cha kadibodi na nyaya, au mchoro tu unaoonyesha jinsi huduma itakavyokwenda. Ijumaa ni jukwaa. Kila kikundi hupewa dakika tano, pengine tatu, mbele ya majaji, huku saa ya kwenye skrini ikihesabu kwenda sifuri. Jioni mshindi hushikishwa hundi kubwa ya karatasi ngumu ili apigwe picha.

Juma hilo lina thamani, na thamani hiyo isemwe mapema. Kijana anaweza kusoma shahada nzima ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, bila kuketi hata mara moja meza moja na fundi wa kuchomelea, mhasibu na mkulima wa zabibu wakitafuta jibu la swali moja. Fundi naye anaweza kufanya kazi miaka mingi pasipo mtu kumwuliza bei ya mlango wake aliipataje na faida yake inaishia wapi. Juma linawakutanisha. Linampa mwenye haya nafasi ya kusema mbele ya watu. Chakula kipo, umeme upo, intaneti ipo, na yupo mtu mwenye uzoefu anayesikiliza hadi mwisho wa sentensi. Kwa vijana wengi hilo la mwisho ni jambo geni, na wanalikumbuka kuliko fulana.

Ila ndani ya juma hilo zimewekwa pamoja kazi mbili zisizofanana. Anayetengeneza sampuli anatafuta mahali anapokosea, mapema, kabla kosa halijawa ghali. Anayepanda jukwaani anatafuta kuaminiwa. Wa kwanza anahitaji mtu atakayemwambia kitu chake hakifai. Wa pili anahitaji kuonekana ana hakika. Kazi hizi zikigongana, jukwaa ndilo linaloshinda, kwa sababu lina saa, majaji na fedha. Kosa halina mtetezi ukumbini.

Uwanda wa kati wa Tanzania unajua gharama ya jukwaa kushinda. Ushahidi uko Kongwa, mashariki mwa jiji la Dodoma.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na haina mafuta ya kula ya kutosha. Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, alipeleka wazo serikalini: Tanganyika ilimwe karanga kwa matrekta, kwa kiwango ambacho Afrika haijawahi kukiona. Ukatumwa ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo Tanganyika. Wajumbe walizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na ripoti yenye hesabu zilizopangika vizuri: ekari zaidi ya milioni 3, gharama ya pauni milioni 24 hivi, miaka sita. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliibeba. Baraza la Mawaziri lilishawishika. Njaa ya mafuta ilikuwa ya kweli, na katika haraka hiyo halikulimwa shamba la majaribio la kupimia hesabu zile.

Halafu ardhi ikaanza kujibu. Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi iliyovunja vifaa. Udongo wenye mchanga mkali ulikula majembe ya chuma. Mvua, ambayo katika uwanda huu huja msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na hata katika mwaka mzuri haitoshi mazao mengi, ilikatika. Ilipokatika, udongo wa mfinyanzi ukakauka na kuwa mgumu kiasi kwamba karanga zilizokomaa zilibaki chini, hazing'oleki. Mwaka wa kwanza, 1947, mpango ulidai ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa karibu 7,500. Matrekta mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita aina ya Sherman, nayo hayakuokoa kitu. Januari 1951 mradi ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu vya hazina ya Uingereza.

Wagogo waliokuwa wakiishi kandokando ya mradi huo walilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe. Wazee wao walikuwa wameipita Mtunya, njaa kubwa iliyoiangamiza Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Walijua mvua ya Kongwa kwa namna ambayo mtu aliye juu kwenye ndege hawezi kuijua. Ujuzi wao ulikuwa pale pale, bila gharama, lakini mpango haukuwa na siku iliyotengwa kwa ajili ya kuwauliza.

Kongwa haikukosa fedha, mashine, wataalamu wala nia njema. Ilikosa shamba dogo. Ekari chache zilizolimwa kwa misimu miwili zingetosha kuonyesha jinsi jembe linavyolika na jinsi udongo unavyofunga baada ya mvua. Badala yake wazo lilitoka kwenye karatasi likaenda moja kwa moja kwenye mamilioni, kwa sababu lilielezwa vizuri na watu wenye vyeo mbele ya watu wenye haraka.

Ni kweli kwamba kikundi cha wanafunzi wanne hakiwezi kupoteza pauni milioni 36. Kinaweza kupoteza mwaka mmoja wa ujana, akiba ya mzazi, na imani ya wakulima watakaoambiwa kwa mara nyingine kwamba mambo yatabadilika. Na kinachowafikisha huko ni kile kile: maelezo mazuri yaliyotangulia majaribio.

Umbali kutoka ukumbini hadi mahali pa kujaribia ni mfupi sana hapa Dodoma. Kata ya Chang'ombe iko karibu na katikati ya jiji. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, iliunda Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada, ikatoa mpango mkuu wa mji mpya. Wapangaji walichora barabara, bustani na vitongoji. Watu waliohitaji kulala karibu na kibarua walijenga kulingana na uwezo wao, na Chang'ombe ni mojawapo ya sehemu zilizokua hivyo, nje ya michoro, hadi mamlaka zikalazimika kuja nyuma yao kupima na kurasimisha. CDA ilivunjwa mwaka 2017. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Chang'ombe ipo, imejaa watu.

Katika kata kama hiyo kujaribu ni riziki ya kila siku, ingawa hakuna anayeketi kulifundisha jambo hilo. Mama lishe hapiki sufuria nzima ya chakula kipya siku ya kwanza. Hupika kidogo, huangalia nani anarudi kesho, hupunguza chumvi au huongeza bei. Fundi wa kuchomelea hutengeneza jiko moja la mkaa la umbo jipya, humkopesha jirani, kisha husikia malalamiko yote kabla ya kukata bati la pili. Kila mmoja wao hujaribu kwa fedha yake mwenyewe, mbele ya mteja anayeweza kumkatalia hadharani. Shule hiyo ni kali, na wengi wamehitimu.

Hao ndio watu ambao sampuli zinazotengenezwa ukumbini zinadai kuwahudumia. Kwa hiyo ajabu ya juma la ubunifu ni kwamba mtu anaweza kulianza na kulimaliza bila hata mmoja wao kuishika sampuli mkononi.

Chukua mfano wa zabibu, zao la fahari ya Dodoma, ambalo hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Vijana wanne ukumbini wanaweza kukubaliana kwa saa moja kwamba adui wa mkulima ni dalali, na kufikia Jumatano jioni wakawa na programu ya simu inayomuunganisha mkulima na mnunuzi wa mjini. Picha ni nzuri, vitufe vinafanya kazi, sentensi ya ufunguzi inagusa moyo. Wangekwenda Makutupora au Hombolo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, huenda wangekuta kwamba dalali huyo huyo ndiye anayetanguliza fedha ya dawa ya ukungu, anayeleta kreti, anayejua gari gani linaondoka saa ngapi, na anayebeba hasara tunda likiharibika njiani. Programu inayomwondoa bila kuzichukua kazi zake zote nne inamwacha mkulima na simu nzuri na mzigo unaooza. Kugundua hivyo Jumanne ni bahati kubwa. Ukumbini kugundua hivyo huonekana kama kuchelewa, kwa sababu kikundi kitalazimika kuanza upya wakati wenzao wanapamba slaidi.

Mambo haya hayakuwa hivi tangu mwanzo. Mwendo wa siku tano unaoigwa na majuma mengi ya leo ulienezwa na Jake Knapp, aliyeuunda akiwa Google na kuukuza katika Google Ventures, kisha akauandikia kitabu na wenzake mwaka 2016. Katika mwendo wake Jumatatu ni ya kuelewa tatizo, Jumanne ya kuchora majibu, Jumatano ya kuchagua, Alhamisi ya kutengeneza sampuli. Ijumaa wanaletwa watu watano ambao kitu hicho kinawahusu, mmoja mmoja, na watengenezaji wanakaa kimya wakiangalia wapi anakwama. Idadi ya watano ilitokana na kazi ya Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia mitambo, aliyeonyesha kwamba watumiaji watano tu wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za kifaa. Mwendo mwingine, ule wa mashindano ya mwisho wa juma, ulianza mwaka 2007 huko Boulder, Colorado, Andrew Hyde alipowakusanya watu waunde kampuni kuanzia Ijumaa hadi Jumapili na kuonyesha walichokifanya.

Mifumo hiyo miwili ilipoungana na fedha za wadhamini, Ijumaa ilibadilisha mmiliki. Siku iliyokuwa ya mtumiaji ikawa ya jaji. Hapo ndipo penye tatizo zima, na ndipo penye dawa yake pia.

Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa wa Ijumaa iliyobaki ya mtumiaji, na mfano huo unatoka ndani ya kampuni kubwa iliyoshinda fedha za ushindani. Nick Hughes wa Vodafone aliomba fedha katika mfuko wa Serikali ya Uingereza ulioshindanisha mawazo ya huduma za kifedha. Zilipopatikana, Susie Lonie alipelekwa Kenya, na Oktoba 2005 majaribio yakaanza pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, kwa wateja wapatao 500 wa Nairobi na Thika. Wazo lililoombewa fedha lilikuwa jembamba: mkopaji apokee na kurejesha mkopo wake kwa simu.

Wateja walilipanua wenyewe. Wengine walimlipia mwenzao rejesho ili wapate huduma fulani kutoka kwake. Wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa mwisho wa safari, wasibebe noti njiani. Wafanyabiashara walizilaza humo usiku. Watu walituma muda wa maongezi kwa ndugu wa mashambani kama namna ya kutuma fedha. Upande wa marejesho ya mikopo, uliokuwa ndio hoja ya kwanza, ulileta usumbufu wa hesabu kwa Faulu na kulegeza mikutano ya vikundi. Waliokuwa wakiendesha majaribio waliangalia, wakaandika, wakakubali kuliacha wazo lao. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa Kenya nzima kama huduma ya kumtumia mtu fedha, na Aprili 2008 Vodacom ikaileta Tanzania.

Kati ya Oktoba 2005 na Machi 2007 ni miezi kumi na saba. Fedha za ushindani zilinunua muda huo, na muda huo ulinunua fursa ya kusahihishwa na watu wa kawaida. Laiti majaji wangekuwa wamewabana wenye wazo wafanye hasa kile walichokiandika kwenye maombi, wakala wa simu aliyekaa leo pembeni mwa barabara ya Chang'ombe huenda asingekuwepo.

Washindi wengine wa mashindano wamefuata njia inayofanana. Novemba 2010, katika shindano la saa 48 lililoitwa IPO48 jijini Nairobi, wanawake watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walishinda kwa wazo la M-Farm, huduma ya kumpa mkulima bei za masoko kwa ujumbe mfupi wa simu. Baada ya jukwaa walikutana na hali halisi: kujua bei ya Nairobi hakumsaidii sana mwenye magunia mawili asiye na gari wala mnunuzi. Huduma ikalazimika kuongeza kuuza kwa pamoja na kuunganisha wakulima na wanunuzi. Mtanzania Benjamin Fernandes na kampuni yake ya NALA walishinda shindano la fedha na teknolojia la Ecobank mwaka 2018 kwa programu iliyorahisisha huduma za fedha za simu hata pasipo intaneti. NALA iliyokuja kukusanya mitaji mikubwa ya wawekezaji miaka michache baadaye ilikuwa imehamia kazi nyingine, kutuma fedha nyumbani kutoka Uingereza na Marekani. Kilichopigiwa makofi jukwaani na kilichoishi havikuwa kitu kimoja, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alikuwa mtu wa kwanza kutwaa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Chujio lake linaunganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazopangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, kwa kuwa maji ya kila mahali yana dosari yake: pengine madini ya floridi, pengine vijidudu. Kabla ya uamuzi wa tuzo hiyo washiriki hupewa miezi ya mafunzo na ushauri. Kwa chujio la namna hiyo miezi ni lazima. Hakuna maelezo ya dakika tano yanayoweza kusema kama litafaa katika kisima cha Bahi, hapa mkoani Dodoma; maji ya Bahi yenyewe yapitishwe humo, yapimwe, na wanaoyanywa waulizwe.

Dodoma imeshaonyesha kwamba mlango wa mashindano unaweza kufunguliwa zaidi. Tangu mwaka 2019 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, imekuwa ikiendesha Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, na jiji hili limekuwa mwenyeji zaidi ya mara moja. Pamoja na makundi ya shule, vyuo na taasisi za utafiti, mashindano hayo yana kundi la mfumo usio rasmi, yaani mtu aliyejifunza kazi kwa mikono yake bila cheti. Uamuzi huo ulikuwa wa hekima. Unatambua kwamba aliyetengeneza mashine ya kukamua alizeti nyuma ya nyumba yake ni mbunifu sawa na mwenye shahada, na kwamba kifaa chake mara nyingi kimeshapita mtihani wa mteja kabla ya kufika kwenye meza ya maonyesho.

Majuma ya kampuni hayajafika huko, na kizuizi kimojawapo ni lugha. Fomu iko kwa Kiingereza, slaidi ziko kwa Kiingereza, na mara nyingi anayepanda jukwaani anachaguliwa kwa Kiingereza chake, hata kama sampuli ilitengenezwa na mwingine aliyekaa nyuma kimya. Fundi wa Chang'ombe anayeweza kueleza kwa Kiswahili safi kwa nini bawaba hupasuka na nini cha kufanya, huanza kubabaika akitakiwa aeleze soko lake kwa lugha aliyoiacha darasani. Majaji wanapoteza maarifa waliyoitiwa kuyasikia. Isitoshe mteja atalalamika kwa Kiswahili, na huko vijijini bibi atalalamika kwa Kigogo. Kikundi ambacho hakijawahi kulieleza wazo lake kwa lugha ya malalamiko hakijajua kama linaeleweka.

Mdhamini naye ana haki ya kuelezwa kwa haki. Kampuni ya simu inataka huduma mpya zitakazopita kwenye mtandao wake. Benki inatafuta wateja na vijana wa kuajiri. Vodacom Tanzania ilipoendesha programu yake ya kulea kampuni changa kwa kushirikiana na Smart Lab, ilikuwa wazi kwamba pande zote mbili zinatafuta kitu. Maslahi ya aina hiyo yakisemwa waziwazi ni afya, kwa maana kampuni kubwa inaweza kumfikishia kijana wateja ambao asingewafikia kwa miaka kumi.

Ugumu uko kwenye karatasi inayosainiwa Jumatatu asubuhi katikati ya kugawa fulana. Wazo ni la nani baada ya Ijumaa? Mdhamini anaweza kulitumia bila kikundi? Anayekuja na wazo lake la zamani na kulianika ukumbini anabaki na nini? Sheria za hataza hutaka uvumbuzi uwe mpya, na kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kuukosa upya huo kabla mwenyewe hajafika kwa msajili, ambaye kwa Tanzania Bara ni BRELA. Kijana wa miaka ishirini hatauliza maswali hayo mbele ya watu waliomwalika na kumlisha. Ni wajibu wa mwandalizi kuyajibu kabla hajaulizwa, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja.

Baada ya Ijumaa inakuja Jumamosi, na juu yake husemwa machache mno. Hundi ya picha inarudi stoo. Mmoja wa kikundi anarudi chuoni ana mitihani, wa pili ana kibarua, wa tatu nauli imekwisha. Kundi la simu lililoundwa Jumatatu linachangamka kwa siku kadhaa, kisha linabaki la salamu za sikukuu. Mara nyingi sampuli hufia hapo, na haifi kwa sababu ni mbaya. Inakufa kwa sababu hakuna aliyelipiwa mwezi mmoja wa kuizungusha kwa watu, kuivunja na kuitengeneza tena. Mdhamini aliyegharimia ukumbi, chakula, mapambo na wapiga picha angeweza kwa sehemu ya fedha hizo kuwalipia watatu kati ya vijana hao chumba, nauli na vifaa vya miezi mitatu.

Juma likipangwa upya kwa ajili ya Dodoma, halihitaji kuwa refu zaidi. Jumatatu ibaki ya kufahamiana na kusaini ukurasa ule mmoja ulioeleweka. Jumanne asubuhi ukumbi ufungwe. Vikundi viende Chang'ombe, viwalipe mafundi na mama lishe kwa muda wao kama mshauri yeyote anavyolipwa, viulize na kutazama, na visirudi na jibu lolote siku hiyo. Jumatano watengeneze. Alhamisi warudi kwa watu wale wale na sampuli mkononi, wakae kimya wakati inashikwa, waandike kila mahali iliposhindikana. Ijumaa jukwaa liwepo, kwa Kiswahili, na nusu ya alama zitolewe kwa jibu la swali moja: nini kimebadilika katika wazo lenu tangu Jumanne, na nani aliwabadilisha? Kikundi kitakachosema hakijabadilisha kitu kisipewe alama hizo, hata kama slaidi zake zinang'aa. Katika meza ya majaji, kando ya meneja wa mdhamini na mtu wa COSTECH, viwepo viti viwili vya watu walioijaribu sampuli Alhamisi.

Zawadi nayo igawanywe. Sehemu itolewe jioni ile, kwa kuwa vijana wamefanya kazi na wana haki ya kufurahi. Sehemu iliyobaki, iliyo kubwa, isubiri miezi mitatu, na itoke siku ambayo kikundi kitaleta watu watano wanaokitumia kitu hicho kwa fedha zao wenyewe. Meneja wa mdhamini na awe wa kwanza kuwauliza watano hao wanakilipia shilingi ngapi, kiliharibika mara ngapi, na nani alikuja kukitengeneza.